Kulungu wa Sita

Kapteni Tsermaa wa polisi alilizunguka jiwe mara tatu, kwa kufuata mwendo wa jua kama alivyofunzwa utotoni, ndipo akachuchumaa na kufungua faili lake.

"Kapteni, unaiamkia saruji?" Terbish alicheka, huku ameshika kofia yake ya mjini aliyoifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu ili upepo wa nyika usiondoke nayo.

"Naiamkia nafasi yake. Wewe shika futi ya kupimia."

Terbish alikuwa mtu wa makumbusho ya mkoa, mnene, mwepesi wa maneno. Yeye ndiye aliyeibua kesi yote. Siku tano kabla ya hapo alikuja kusugua kuvu kwenye mawe ya kulungu, yale mawe marefu kumi na moja yaliyosimamishwa bondeni na watu wa kale, na kuchorwa kulungu wanaopaa na pembe zao zimelala mgongoni kama mawimbi. Kumi aliyasugua yakabaki mawe. Alipofika kwenye Jiwe Refu, lile kubwa kuliko yote, brashi ilitoka na rangi, chini ya rangi ikaonekana saruji, na ndani ya saruji ncha ya nondo. Jiwe lenyewe lilikwisha ondoka zamani. Aliyelichukua aliacha pacha wa jiwe amesimama, na wachungaji wakapita mbele yake wasishtuke.

Mtuhumiwa alikwisha patikana. Chuluun, mchungaji wa upande wa pili wa bonde, alikuwa mahabusu siku ya tatu. Ana lori. Ndani ya zizi lake ulikutwa mkanda wa kufungia mizigo, umelika na kujaa unga wa jiwe. Tena yupo shahidi aliyeliona lori hilo kwenye mawe majira ya kuchipua. Saa tisa alasiri ya siku hiyo gari la mwendesha mashtaka lingempeleka Chuluun gereza la mkoa, na kesi ikishafika mkoani, Tsermaa hana tena mkono ndani yake.

Shahidi mwenyewe alikuwa Mzee Gombojav, mlinzi wa mawe yale kwa miaka arobaini. Maelezo yake Tsermaa aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuliza mara mbili. Gombojav ni baba yake mdogo, tena ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, pale dhoruba ya theluji ilipowafunika baba na mama yake pamoja na kondoo wao wote.

"Sasa njoo uone jambo," alisema Terbish, akamvuta upande wa jiwe. "Uso wa jiwe hutazama wapi?"

"Mashariki. Mawe yote haya hutazama mashariki."

"Na ile mistari mitatu inayosimama badala ya macho na mdomo huchorwa wapi?"

"Usoni, Terbish. Kwani wewe mistari yako unaiweka wapi?"

"Mimi? Kwenye tumbo." Akajipiga kitambi, kisha akaacha utani. "Mchongaji wa hili pacha ameiweka shavuni, upande wa kushoto. Kwa nini?"

Tsermaa alipitisha kidole kwenye mistari ile. Jibu lilimjia mdomoni kabla hajaliwaza. "Zuun."

"Zuun!" Terbish alipiga kofi. Katika lugha ya nyika hiyo neno moja, zuun, ni mashariki na ni kushoto pia, kwa kuwa mlango wa kila hema hutazama kusini, na mtu aketiye ndani akitazama mlangoni, mashariki iko mkono wake wa kushoto. "Mchungaji kasema mistari iko zuun, yaani mashariki. Fundi wa mjini, ambaye mashariki haijui mpaka aulize, kasikia kushoto. Maana yake nini? Hakuwa na picha ya upande huu. Alisimuliwa kwa mdomo, na aliyemsimulia ni mtu wa mahema. Huyo Chuluun wako hana pa kutokea."

"Picha zilizopo ni ngapi?"

"Moja tu, ya zamani. Inaonyesha upande wa magharibi, kulungu watano kutoka juu. Chini majani yalikuwa marefu, hapaonekani kitu."

Tsermaa aliandika. Kisha akahamia magharibi ya jiwe, akapiga magoti, akayalaza majani kwa kiganja ili apime kuanzia ardhini kama fomu inavyotaka. Futi ikabaki mkononi.

Chini kabisa, karibu na udongo, palikuwa na kulungu mdogo. Amechongwa vizuri, ana miguu iliyokunjwa na masikio mawili, hana pembe.

"Wangapi huko?" aliuliza Terbish, kalamu tayari.

"Andika sita."

"Faili linasema watano."

"Andika unachokiona."

Terbish aliinama, akaona, akakuna shingo. "Hee! Basi na fundi naye kaongeza wa kwake. Kwenye lile la kweli mimi mwenyewe nilihesabu watano, mwaka ule nilipokuja na wanafunzi. Pale chini pana ufa tu na doa la kutu."

Alisema kweli. Kwenye jiwe la kweli palikuwa na ufa na doa la kutu tu. Mtoto wa miaka minne, aliyeletwa juzi na bado anamlilia mama, aliketishwa chini ya Jiwe Refu, akashikwa kidole, kidole kikapitishwa juu ya ufa ule. Huyu ni wewe, baba mdogo alimwambia. Hana pembe bado. Wale wakubwa wametangulia kumwangalia njia. Usimwambie mtu, maana zama hizo serikali ilihesabu kila kichwa cha mnyama, na wahesabu mifugo wakimwona watamwandika. Mtoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu dhoruba. Hakumwambia mtu. Kwa miaka thelathini na minne watu waliomjua kulungu wa sita walikuwa wawili duniani.

"Mbona umenyamaza?" Terbish alimuuliza.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Baki hapa. Mtu asiguse chochote mpaka nirudi."

*

"Shika mbwa!" aliita mbele ya hema la Chuluun. Hivyo ndivyo mgeni anavyobisha nyikani, mbwa awepo asiwepo. Mbwa wa Chuluun alifungua jicho moja, akalifunga.

Yanjmaa, mke wa Chuluun, alikuwa anakoroga maziwa. Hakusimama. Alimimina chai ya chumvi, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Tsermaa aliupokea ugomvi huo kwa mkono wa kulia, akanywa.

"Umefuata na godoro lake? Lile pale. Au unataka na mimi?"

"Nimekuja kuuliza swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza, Yanjmaa. Ule mkanda wa mizigo ni wenu?"

"Wetu! Nani kakataa? Mume wangu alikwambia ni wake, ukaandika amekiri. Ungemwacha amalize sentensi."

"Malizia wewe."

"Ulikuwa umeazimwa. Tangu theluji haijayeyuka. Aliyeuazima aliuleta mwenyewe siku moja kabla hujaja na pingu zako. Nikamwambia ingia unywe chai, akasema ana haraka, akaenda kuutundika zizini kwa mkono wake. Nikasema, lo, mzee wa watu ana adabu."

"Mzee gani?"

Yanjmaa aliacha kukoroga. Alimtazama yule kapteni kama mtu anayetazama kama barafu itabeba farasi.

"Ukilitaja jina wewe kwanza, mimi nitaitikia."

"Kesi haiendi hivyo. Lazima useme wewe."

"Gombojav. Baba yako mdogo. Haya, andika. Au kalamu imekwisha wino?"

Tsermaa aliandika. Jina lilitoka vizuri, herufi zote zimesimama. "Kwa nini hukusema juzi?"

"Nimwambie nani? Wewe? Ulisimama hapo mlangoni ukisema, mzee ameona kwa macho yake. Ulisema kama anayesoma sala." Akarudia kukoroga, kwa nguvu. "Na lile tangazo je? Majira ya kuchipua tulifukuzwa bondeni siku kumi, eti mbuzi wana ugonjwa wa miguu. Tulihamisha mifugo, wana-kondoo wawili wakafia njiani. Tangazo lilikuwa na sahihi yako, Tsermaa. Wewe uliwaona hao mbuzi wagonjwa?"

Hakuwaona. Baba mdogo alimpigia simu kutoka kilimani akasema mbuzi wake wawili wanatoka mate na kuchechemea, bora bonde lifungwe mapema, mwanangu, kabla halijatufika la mwaka ule mifugo ilipokwisha. Akasaini. Daktari wa mifugo alipofika siku ya kumi na moja, mbuzi walikuwa wazima, na wote wakashukuru.

"Sikuwaona," alisema.

"Basi siku kumi bonde halikuwa na jicho la mtu. Ng'ombe wangu waliporudi walianza kulikwepa lile jiwe. Walikuwa wanajikuna pale tangu enzi za bibi yangu, mpaka kona yake iling'aa kama kioo. Nikadhani wameota ndoto mbaya." Yanjmaa alifunika chungu. "Na ukifika kwake, mtazame farasi dume wa kijivu aliyefungwa mbele ya hema. Mkamuaji kama mimi simjui farasi wa mbio, ila najua farasi kama yule hapatikani kwa kubadilishana na mbuzi."

Tsermaa alisoma maelezo kwa sauti, Yanjmaa akatia sahihi. Mgeni alipofika mlangoni, mwenye nyumba akamwita.

"Kapteni." Safari hii alikuwa amesimama, ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. "Malizia chai yako. Huko unakokwenda sidhani kama utakunywa."

*

Tangu alipojua kutembea, Tsermaa hakuwahi kubisha kwenye hema la Gombojav. Aliingia tu, anaruka kizingiti, anauliza kuna nini cha kula. Siku hiyo alisimamisha gari mbali, akamtazama kwanza farasi wa kijivu. Shingo ndefu, miguu mikavu, nyonga imenyolewa manyoya mahali ambapo chapa ya mwenyewe hukaa. Chini ya manyoya mafupi chapa ilionekana bado: mwezi mwandamo juu ya moto. Alama hiyo alikwisha iona kwenye milango ya malori ya tajiri mmoja wa machimbo, mwenye mazizi ya farasi wa mbio upande wa mji mkuu. Aliichora katika daftari. Kisha akaenda mbele ya hema, akasimama hatua sita kutoka mlangoni, akaita:

"Shika mbwa!"

Ndani, sauti ya kisu kilichokuwa kinakata kamba ya ngozi ikakoma. Mbwa wa hema hilo alikufa miaka miwili nyuma, na Tsermaa ndiye aliyemzika.

"Ingia, mwanangu," sauti ya mzee ilisema. "Ingia, mgeni."

Gombojav alikuwa ameketi mahali pake, mgongo kaskazini, amevaa joho lake la kahawia, hatamu mpya mapajani. Alitoa kichupa cha ugoro, akakinyoosha kwa viganja viwili, ndiyo salamu ya nyika. Tsermaa alibaki ameshika faili. Mzee akakiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Mzee Gombojav, nachunguza kesi ya Jiwe Refu. Maelezo yako ya kwanza nayaweka kando, tunaanza upya. Unaweza kukataa kujibu."

"Mzee Gombojav," alirudia. "Jina zuri. Sikujua linauma hivyo."

"Mkanda wa Chuluun uliuazima lini?"

"Chuluun amesema nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Nilitaka kuhamisha hema."

"Hema lako hukulihamisha mwaka huu. Liko palepale. Mbuzi waliougua walikuwa wa rangi gani?"

Mzee alicheka kidogo, bila furaha. "Hilo nalo! Nilijitayarisha kwa kila swali, la rangi sikulifikiria."

"Farasi dume wa kijivu ametoka wapi?"

"Kwa wakwe zangu wa magharibi."

"Wakwe zako wana chapa ya mwezi juu ya moto?"

Nje farasi alikwaruza ardhi kwa kwato, na mkono wa mzee ukasogea wenyewe kuelekea mlangoni, kama mtu anayetaka kumtuliza mtoto.

"Wewe ni mjanja," alisema. "Lakini farasi si jiwe, na mkanda si jiwe. Mwanasheria wa mjini ataviangusha vyote kabla ya chakula cha mchana. Rudi kazini kwako, mwanangu. Mashindano ya kiangazi yamebaki siku tisa. Nina miaka sabini na tatu. Nimefunza farasi maisha yangu yote, na sijawahi hata mara moja kupokea kikombe cha mshindi. Niache siku tisa."

Tsermaa alifungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

"Upande wa magharibi wa Jiwe Refu kuna kulungu wangapi?"

"Swali la mtoto hilo."

"Jibu."

"Sita," alisema Gombojav mara moja. "Watano na yule mdogo."

Ndipo alipoona uso wa mtoto aliyemlea. Hatamu ikateleza kutoka mapajani ikaanguka, naye hakuinama kuiokota.

"Amechongwa," Tsermaa alisema. "Ana masikio mawili na miguu iliyokunjwa. Fundi hakuwa na picha. Mtu alimwambia."

"Watu wa tajiri walikataa picha." Mzee alisema polepole, akiitazama mikono yake. "Walisema picha hubaki kwenye simu, tusimulie kwa mdomo. Nikamsimulia fundi, siku nzima, yeye anachora kwenye karatasi. Nilitaka liwe sawa kabisa, ili mtu akipita asihisi upungufu. Nikafika chini, nikamwambia, hapa kuna mdogo, hana pembe. Tsermaa, nilisahau. Nimemtazama miaka thelathini na minne. Nilisahau kwamba hayupo."

Kalamu ilisimama. Kisha ikaendelea, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka.

"Jiwe liko wapi?"

"Kwenye mazizi ya tajiri aliyenipa farasi. Wamelisimamisha penye njia ya kufanyia mazoezi. Halikuvunjika, nililifunga mimi mwenyewe kwa mablanketi." Aliona hilo halijamsaidia. "Jiwe limesimama miaka elfu tatu, mwanangu. Lingekaa hapa ama kule, lina haraka gani? Mimi ndiye nilikuwa na haraka."

"Kwa nini Chuluun?"

"Ana lori. Tena ana nguvu, angekaa miaka yake akatoka. Yule mnene asingekuja na brashi yake, asingeguswa mtu yeyote."

"Kwa nini ulitaka kesi niishike mimi? Mkoa ulikuwa tayari kumtuma mwingine. Uliniomba nisikubali. Ulisema mawe haya ni ya kwetu."

Hapo Gombojav alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Pengine alitafuta uongo wa kumpa, ambao ungekuwa laini zaidi, na hakuuona.

"Mwingine angeniuliza maswali," alisema.

Tsermaa alifika mwisho wa ukurasa. Alimsomea yote kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: mkanda, tangazo, mbuzi, farasi, fundi, mdogo asiye na pembe. Alipofika kwenye maneno "nilisahau kwamba hayupo" alisimama, akakohoa, akayasoma tena ili yasikike vizuri. Mzee alitia sahihi kila ukurasa. Akauliza kama anaweza kumpa farasi maji kwanza. Akaruhusiwa. Kapteni alisimama karibu naye hadi ndoo ilipokwisha, akaandika muda: saa saba kasorobo.

Walipofika kwenye gari, Gombojav alikwenda moja kwa moja mlango wa mbele. Mkubwa hukaa mbele, hakuna asiyejua, na katika gari hilo yeye alikaa mbele sikuzote, akimwonyesha njia anayoijua. Tsermaa alifungua mlango wa nyuma, akaushika.

Mzee alisimama na mkono juu ya kitasa. Kisha akakiachia, akainama, akaingia nyuma.

Simu ilishika mtandao juu ya kilima, penye chungu ya mawe na vitambaa vya buluu. Tsermaa alipiga kituoni akiwa amesimama nje ya gari, upepo ukimvuta maneno.

"Mfungulieni Chuluun. Ndiyo, sasa hivi, gari la mkoa lisisubiriwe. Mrudishieni mkanda wa suruali na kofia, na mtu ampeleke hadi nyumbani. Mwambieni mwendesha mashtaka atume mtu kwenye mazizi ya farasi, nitampa mahali. Mtuhumiwa ninaye." Upande wa pili uliuliza jambo. "Ndiyo, ni ndugu yangu. Kwa hiyo nakabidhi faili leo hii, atafutwe wa kushika nafasi yangu."

Alirudi kwenye kiti chake, lakini hakuwasha gari. Fomu ya kielelezo ilikuwa haijakamilika. Chini bondeni mawe kumi na moja yalionekana madogo kama meno, na Terbish kando yake, kofia yake inapepea.

"Lile la saruji mtalifanya nini?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Linakwenda mahakamani."

"Na yule mdogo?"

"Anakwenda nalo."

Tsermaa aliilaza fomu juu ya usukani. Penye mstari unaosema idadi ya michoro aliandika kulungu wakubwa watano, akasita, akapuliza vidole vyake ijapokuwa ilikuwa kiangazi. Halafu akaandika: mdogo, mmoja. Akaweka namba ya kielelezo mbele yake, akapiga muhuri.